Mwanao Akianza Kuvutwa na Al-Shabaab: Namna ya Kutambua, Kuzungumza Naye na Kumrudisha

Nasomesha chuo, yaani madrasa ya watoto, hapa Likoni, Mombasa, na kwa miaka sasa akina mama hunijia baada ya alasiri, watoto wakishatoka, kuniuliza jambo moja kwa sauti ya chini: kijana wangu amebadilika, nifanyeje? Wengi huja wamechelewa. Kijana ameshaondoka, simu haipatikani, na kilichobaki ni begi la nguo na deni la duka. Haya ninayoyaandika ndiyo ninayomwambia mzazi anayewahi.

Naandika kwa ajili ya Pwani ya Kenya kwa kuwa ndiko ninakokujua nyumba kwa nyumba, na kundi ninalolizungumzia ni Al-Shabaab. Mzazi wa Mtwara mwenye wasiwasi na vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, au wa Kasese, Uganda, anayewaogopa waasi wa ADF, atabadilisha jina la kundi na njia wanayopitia. Namna ya kumwingia kijana haitofautiani sana.

Jua nani yuko nyuma ya yule rafiki

Wazazi wengi wanadhani Al-Shabaab ni kikosi cha wehu walio msituni. Kwa dhana hiyo wanakaa wakimsubiri mtu mwenye bunduki, na mtu wa namna hiyo habishi hodi kwako. Anayebisha ni kijana mwenye adabu, aliyesoma na mwanao darasa moja au anayecheza naye mpira, anayekuamkia shikamoo na kukubebea ndoo ya maji.

Nyuma yake kuna jambo kubwa. Kundi hili lilikulia ndani ya Mahakama za Kiislamu zilizoishika Mogadishu mwaka 2006. Majeshi ya Ethiopia yalipoingia Somalia Desemba mwaka huo, mahakama zikavunjika, vijana hao wakabaki wakipigana, na hoja ya kumtoa mvamizi ikawaletea watu na pesa. Februari 2012 wakatangazwa rasmi kuwa sehemu ya Al-Qaeda. Leo wana watoza ushuru wao: lori likipita barabara wanayoishika hulipa na kupewa risiti, mfugaji hutoa mbuzi na ngamia kwa jina la zaka, na hata mfanyabiashara aliye Mogadishu, mji wa serikali, hupigiwa simu akaambiwa kiasi cha kutoa. Wanaofuatilia hesabu zao wanakadiria mapato ya takriban dola milioni 100 kwa mwaka. Wana mahakama zao. Wana idara ya ujasusi iitwayo Amniyat, ambayo kazi yake ni kuwapeleleza maadui na pia kuwapeleleza wapiganaji wao wenyewe. Na wana watu wa habari wanaotengeneza video na maandishi kwa Kiswahili safi, wakiwalenga vijana wa Kenya na Tanzania.

Nakueleza haya ili usimdharau yule rafiki mwenye adabu, na pia usimwone mwanao mpumbavu kwa kumsikiliza. Anazungumza na mtu mmoja, lakini maneno yale yamepangwa na wengi.

Madhara yao unayajua, ila yataje kwa hesabu unapozungumza na kijana, maana yeye ameonyeshwa upande mmoja tu. Jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013: watu 67. Mpeketoni na vijiji vya jirani, Juni 2014: zaidi ya watu 60 kwa siku mbili. Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015: watu 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa wamelala. Hoteli ya Dusit, Nairobi, Januari 2019: watu 21. Kisha mwambie la Oktoba 14, 2017, lori la mabomu lililolipuka katika makutano ya Zobe, Mogadishu, likaua zaidi ya watu 500. Wale walikuwa Waislamu, watu wa sokoni, wanafunzi, abiria wa basi. Kundi linalosema linawatetea Waislamu halijawahi kuua kwa mkupuo mmoja watu wengi kuliko siku ile, na waliouawa ni Waislamu.

Kuna madhara mengine yasiyopigiwa picha. Wavuvi wa Lamu walikatazwa kuvua usiku kwa miaka, na mvuvi wa kule asipotoka usiku hana cha kupika mchana. Baada ya abiria 28 kutolewa kwenye basi Mandera na kuuawa Novemba 2014, walimu wengi kutoka bara waliogopa kurudi, na shule za Kaskazini Mashariki zikabaki na watoto bila mwalimu. Watoto wale ni Waislamu wenzetu.

Wanavyomwingia

Hawaanzi na jihadi. Wanaanza na jeraha la kijana mwenyewe, na Pwani majeraha ni mengi: ardhi ya babu isiyo na hati, cheti cha kidato cha nne kisichopata kazi, kaka aliyechukuliwa usiku na watu waliovaa kiraia na hadi leo hajulikani alipo. Mwaka 2017 shirika la UNDP lilichapisha utafiti wa watu waliojiunga na makundi kama haya Afrika. Asilimia 71 walisema kilichowasukuma hatua ya mwisho ni kitendo cha dola, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Na zaidi ya nusu walikiri kwamba hawakielewi vizuri au hawakielewi kabisa kitabu cha dini wanachodai kukipigania. Nikisoma takwimu hizo nawaona vijana wa hapa mtaani mmoja mmoja.

Kwa hiyo rafiki anasikiliza. Analipia chai, analipia muguka, majani ya kutafuna kama miraa, kwanza kisha baadaye anamkataza muguka, anamtafutia kibarua. Kijana anaona amepata mtu anayemjali kuliko wazee wanaompita barazani bila kumwuliza hali. Halafu inakuja darsa ndogo ya watu wanne watano, nyumbani kwa mtu au ufukweni, mbali na msikiti. Huko anafundishwa maneno machache kwa wingi: fulani murtadi, yaani ametoka katika dini, fulani taghuti, yaani mtawala aliyeasi dini, kuondoka hapa ni hijra, yaani kuhama kwa ajili ya dini. Anapewa video. Anapewa kundi la siri kwenye simu. Na siku moja anaambiwa kuwa imamu wa msikiti wenu ameuza dini, na kwamba mamake akipinga basi ni kwa kuwa hajui.

Hapo ndipo pa hatari kuu, na ndilo ninalotaka ushike kuliko yote: kazi ya msajili ni kumtenga kijana. Kila anachofanya kinakata uzi mmoja kati ya mwanao na watu wake, hadi ifike siku ambayo hana wa kumwuliza shauri isipokuwa msajili. Wale wa Shakahola, msitu wa Kilifi ambako watu walifunga hadi kufa, walidai ni Wakristo na hawakuwa na bunduki, lakini mhubiri wao Paul Mackenzie naye alianza kwa kuwatoa watu shuleni, hospitalini na kwa jamaa zao, na mwisho wake tuliufukua mwaka 2023. Mtu akimtaka mwanao aachane na kila mtu, usingoje kujua dini yake.

Baada ya kutengwa huja ahadi. Kwa kijana wa kiume ni mshahara, au kazi ya kufundisha madrasa, au ufadhili wa masomo. Kwa msichana ni ndoa na mchamungu aliyemwona kwenye simu tu, au kazi ya ndani kwa tajiri, au safari ya Ghuba isiyo na wakala wala mkataba. Wanawake wa Pwani waliofanikiwa kutoroka wamesimulia walivyoahidiwa kazi wakajikuta msitu wa Boni au ndani ya Somalia, wakitumiwa na wanaume kwa zamu. Asikudanganye mtu kuwa mwanao yuko salama kwa sababu ni msichana.

Msidhani pia kuwa ni watoto wa maskini tu. Mmoja wa washambuliaji wa Garissa alikuwa amehitimu sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, na babake alikuwa chifu Mandera, mzee aliyekwisha piga ripoti kuwa mwanawe ametoweka. Kiongozi wa wale wa Dusit alikuwa mtoto wa mwanajeshi.

Dalili, na yasiyo dalili

Nianze na yasiyo dalili, maana hapa tumewaumiza watoto wengi. Ndevu si dalili. Kanzu fupi si dalili. Kijana aliyekuwa mlevi akaanza kuamka alfajiri kwenda msikitini ni neema, mshukuru Mungu. Msichana kuvaa nikabu si dalili. Kuikasirikia serikali, kulia juu ya Gaza, kuuliza maswali magumu ya dini, vyote hivyo ni vya kijana mwenye roho hai. Ukimwita gaidi kwa sababu ya ndevu, umemfanyia msajili kazi yake bila malipo.

Angalia kukatika kwa nyuzi. Ameacha msikiti aliokulia na hataki kuswali nyuma ya imamu yule, na akiulizwa hana jibu ila kwamba ni murtadi. Amekataa kula kwa mjomba wake kwa kuwa mjomba ni askari wa kaunti, na chakula chake ni haramu. Amewatupa marafiki wote wa zamani kwa mpigo, na wapya hawaji nyumbani, hawana jina la baba, wanajulikana kwa kuniya tu, Abu huyu na Abu yule. Ana kabambe, simu ndogo ya vibonyezo, ya pili ambayo hukuinunua, na laini yake haikusajiliwa kwa jina lake. Simu kubwa akiishika anaigeuza ukipita. Amefuta picha zake zote. Ameacha masomo karibu na mtihani bila sababu ya karo.

Kisha kuna dalili za mwisho, ambazo zikionekana usilale. Anauza vitu vyake. Analipa madeni madogo madogo, hata ya shilingi 20 za mahamri. Anazunguka kwa jamaa kuomba radhi, anamkumbatia nyanya yake kwa muda mrefu. Akina mama wengi huona hizi kuwa ni tabia njema na kufurahi. Kijana aliyetoka kwenye toba ya kweli anaomba radhi kisha anabaki. Huyu anaomba radhi na ameshafunga begi.

Dalili moja peke yake haisemi kitu. Zikiwa tatu nne ndani ya miezi michache, anza kazi.

Safari yoyote, maswali matatu

Nitawapa mfano wa mama mmoja wa mtaa wa pili, muuza viazi karai, kwa sababu alichofanya kila mzazi anaweza kukifanya. Mwanawe alimwambia amepata kazi ya kufundisha madrasa upande wa Lamu, nauli imeshatumwa, anaondoka alfajiri. Mama hakupiga kelele. Alimmiminia chai, akakaa naye jikoni, akamwuliza: mwenye madrasa ni nani, mtoto wa nani, na msikiti gani? Nipigie simu yake nimshukuru. Na kesho nitakusindikiza mpaka hapo hapo madrasani, nipaone utakapolala, kisha nirudi.

Kijana alipiga. Yule wa upande wa pili aliposikia kwamba mama yupo na anataka kusalimia, akasema mtandao mbovu, akakata. Akapiga tena, simu imezimwa. Kijana mwenyewe ndiye aliyekaa akiitazama ile simu. Mama hakumwambia "unaona?" Alimwongezea chai. Siku zilizofuata kijana alianza kumweleza mambo kidogo kidogo, mpaka tukajua nani alikuwa akimwita.

Kazi ya halali inastahimili kuulizwa. Mwajiri wa kweli hukasirika kidogo kwa usumbufu lakini hujibu. Kwa hiyo usimkataze kijana safari kwa ukali, maana atatoroka usiku. Ikubali safari, kisha ijaze maswali na watu. Wajomba wote wajue. Imamu ajue. Kila anayejua ni uzi mmoja umefungwa tena.

Namna ya kuzungumza naye

Usianze kwa kumshtaki na usianze mbele ya watu. Chagua wakati wa mikono kuwa na kazi: mnakuna nazi, mnatengeneza wavu, mko kwenye tuktuk mnaelekea hospitali. Kijana husema zaidi asipotazamwa usoni. Anza na ulichokiona, si unachokishuku. "Baba, siku hizi huli na sisi. Nani amekukera?" Kisha nyamaza. Kunyamaza huko ni kugumu, na ndiko kunakofanya kazi.

Akikutolea machungu yake, usiyapinge. Akisema polisi walimpiga bila kosa, na kweli walimpiga, mwambie walikudhulumu. Wazazi wengi huogopa kwamba kukubali dhuluma ni kumpa haki ya kwenda. Ni kinyume. Akiona wewe ndiye wa kwanza kuiita dhuluma kwa jina lake, hana haja ya kumtafuta msajili ili aisikie. Mwonyeshe njia ambazo watu wa hapa hapa wanazitumia: kuna mashirika ya haki za binadamu Mombasa kama MUHURI na Haki Africa, kuna mamlaka ya IPOA inayopokea malalamiko dhidi ya polisi, kuna mahakama. Zinachosha, najua. Nenda naye, mkachoke pamoja.

Baba awepo. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu katika nyumba nyingi za huku mazungumzo yote ameachiwa mama, na baba anatokea siku ya matusi. Kama baba hayupo, tafuta mjomba ambaye kijana anamheshimu, au kocha wake, au fundi aliyemfunza kazi. Mtu mmoja mwenye kudumu ana thamani kuliko kikao kizima cha wazee kinachofanyika mara moja.

Na simu yake? Usiinyang'anye. Ukiinyang'anya atapewa nyingine na hutaiona. Ila uliza anachotazama, kaa uone naye, na mwulize: yule anayezungumza kwenye video ana umri gani, na wanawe yeye wako wapi?

Upande wa dini

Usijadiliane naye dini kama hukuisoma. Atakushinda kwa aya tatu alizokaririshwa, na akikushinda amekupoteza. Mtafute mwanachuoni, lakini asiwe yule ambaye ameshafundishwa kumchukia. Mara nyingi maalim wake wa utotoni anafaa zaidi ya sheikh mkubwa wa redio, kwa sababu huyo ndiye aliyemshika kidole kwenye alifu.

Mimi mwenyewe huanza na hadithi iliyo katika vitabu vya Bukhari na Muslim: mtu alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akiomba ruhusa ya kwenda jihadi. Mtume akamwuliza, wazazi wako wako hai? Akasema ndiyo. Akamwambia basi fanya jihadi kwa kuwatumikia hao. Namwuliza kijana: huyo aliyekuita, alikuuliza habari za mama yako? Mbona Mtume aliuliza?

Kisha tunasoma pamoja Suratul Baqara aya ya 190, inayosema wapiganeni wanaowapiga ninyi wala msipindukie mipaka, na tunasoma mpaka mwisho wa habari, kwa sababu wasajili hukata aya katikati. Tunasoma Suratul Maida aya ya 32, kwamba mwenye kuua nafsi isiyo na hatia ni kama ameua watu wote. Tunasoma wasia wa Abu Bakr, khalifa wa kwanza, kwa jeshi lililokuwa likienda Sham, upande wa Syria: msiue mwanamke, wala mtoto, wala mzee, msikate mti wenye matunda. Halafu namwuliza kuhusu wanafunzi wa Garissa waliokuwa wamelala. Simjibii. Namwacha aende nalo nyumbani.

Na namtajia Salah Farah. Desemba 2015 basi lilivamiwa Mandera, na abiria Waislamu wakaambiwa wajitenge ili Wakristo wauawe. Walikataa. Wanawake waliwavika wenzao hijabu, abiria wakasema kama ni kuua tuueni sote. Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafariki Januari 2016. Kijana anayetafuta Mwislamu shujaa wa wakati wake, huyo hapo.

Na hapa Likoni hatuna haja ya kwenda mbali. Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri, alipigwa risasi alfajiri ya tarehe 10 Juni 2014 akielekea kuswali. Alikuwa amesimama wazi kupinga vijana kupotoshwa. Ukisimama katika jambo hili, simama na wenzako, usiwe peke yako na usitangaze kwenye kipaza sauti mambo ya kijana mmoja.

Kuripoti bila kumpoteza

Swali hili ndilo linalowanyima usingizi akina mama: nikimpeleka kwa serikali hawatamuua? Sitawadanganya. Watu wamepotea Pwani, na mashirika ya haki yameandika majina yao. Vile vile kijana aliyefichwa na mamake amekwisha lipua wana wa mama wengine.

Kwanza tenga mambo mawili. Ukijua kuna silaha, mabomu, au mpango wa kuua watu, hakuna kikao. Toa watoto wengine nyumbani, usiguse kitu, ripoti saa ile ile. Hapo unaokoa roho za watu, na ya mwanao pia.

Kama ni dalili tu na hakuna kosa lililotendeka, anza na watu: imamu, mzee wa mtaa unayemwamini, shirika la haki, mwanasaikolojia au mshauri nasaha. Kaunti za Pwani, kuanzia Kwale mwaka 2017, zina mipango yake ya kuzuia itikadi kali, na ndani yake wamo viongozi wa dini, akina mama na vijana. Uliza nani anakaa kwenye kamati ya kwenu.

Ukifika wakati wa polisi, usiende peke yako na usizungumze na askari mmoja kwenye kona. Nendeni watatu au wanne, awemo wakili au mtu wa shirika. Taarifa iandikwe, na msitoke kituoni bila namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Andika jina la afisa na saa. Kijana akikamatwa, kumbuka Katiba kifungu cha 49: ana haki ya kuambiwa sababu, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Asipofikishwa na msijue aliko, wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba aamriwe kuletwa, akiwa hai au maiti. Haki hiyo Katiba imesema haiwezi kupunguzwa. Iombeni mapema, msingoje wiki.

Akiwa ameshaondoka

Usifagie chumba chake. Usichome karatasi zake kwa aibu, kama wafanyavyo wengi. Andika namba zote zilizompigia, waliomtumia pesa, watu wa mwisho kuonekana naye. Ripoti kupotea kwake siku hiyo hiyo. Vijana wamewahi kurudishwa wakiwa bado njiani, kabla hawajavuka mpaka. Nenda kwa wazazi wa marafiki zake, maana mara nyingi huondoka wawili watatu.

Namba yako ya simu usiibadilishe kamwe. Siku moja atapiga, na atapiga kwa wizi, kwa dakika chache. Usimtukane, usimwulize maswali ya siri za huko, huenda anasikilizwa. Mwulize afya. Mwambie nyumbani ni kwake. Mtaje mdogo wake kwa jina. Akiomba pesa, usitume: inaweza kuwa si yeye anayeomba, na kuzituma kunaweza kukuingiza katika kosa la kufadhili ugaidi. Mweleze wakili juu ya kila simu.

Wengi huko hujuta ndani ya muda mfupi. Vitambulisho na simu zimechukuliwa, lugha hawaijui, mshahara hauji, na Amniyat wanamwua anayejaribu kutoroka kwa kumwita jasusi. Anayejua kwamba nyumbani atapokewa ndiye anayethubutu.

Akirudi

Aprili 2015, baada ya Garissa, serikali ilitangaza msamaha kwa vijana watakaojisalimisha. Tangu hapo wapo waliorudi na kusaidiwa, na wapo walioripotiwa kuuawa baada ya kurudi, hasa Kwale, wengine wakishukiwa kuuawa na wenzao wa zamani. Kwa hiyo kurudi kwake kupangwe. Asijitokeze tu sokoni siku ya Jumamosi. Wakili atangulie, shirika lijue, ajisalimishe mbele ya mashahidi, na kumficha nyumbani usijaribu, maana ni kosa la jinai kwako na ni hatari kwake.

Akikubaliwa kukaa nyumbani, jiandae kwa mtu mwingine. Halali usiku. Anashtuka pikipiki ikilia. Anahitaji daktari wa akili, na Mombasa wapo, katika hospitali ya umma pia. Majirani watamnyooshea kidole; chagua watu wachache wa mtaa uwaeleze wewe mwenyewe kabla hawajaelezwa na wengine. Mtafutie kazi ya mikono iliyo karibu, kwa fundi anayemjua, hata kama ujira ni mdogo, kwa sababu kukaa bure chumbani ndiko kunakomrudisha kwenye simu. Badilisha laini yake. Wadogo zake waangalie kwa makini mwaka ule, kwani msajili aliyempoteza mmoja hujaribu kwa ndugu.

Chama cha akina mama kinaweza kubeba hili vizuri kuliko mama mmoja. Cha kwetu humtafutia karo anayetaka kurudi shule, na kila wiki mmoja wetu hupita kumjulia hali, bila maswali. Na karatasi aliyoandikiwa kituoni siku ya kujisalimisha piga nakala tatu: moja kaa nayo, moja kwa wakili, moja kwa imamu, ili siku akisimamishwa njiani awepo wa kuileta.